Moshi Uliovua Viatu

Asubuhi hiyo Bingwa, fundi wa magari, alikuwa chini ya gari, mgongo juu ya kadibodi, akifunga mpira wa kupeleka oili kwenye turbo. Turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, si kitu cha mchezo. Mhimili wake unazunguka kwa kasi ya ajabu na umeshikiliwa na utando wa oili, basi. Oili ikiwa haba, beringi zinasagika na turbo inakwama. Ikija kwa presha kubwa mno, inapenya kwenye sili zinazoizuia isivuje, na gari linatoa moshi wa buluu. Ndiyo maana kwenye turbo za aina hii, pale oili inapoingilia huwekwa kizuizi, kipande cha shaba chenye tundu la kupita sindano. Safari hii Bingwa hakukiweka. Alikuwa anakiogopa.

Gari lilikuwa la mdogo wa marehemu, mteja wake aliyekufa ajalini. Turbo ilikuwa ya marehemu mwenyewe, imetolewa kwenye gari lake lililobondeka, maana kitu kizuri hakitupwi hivi hivi. Marehemu alikuwa analipita lori mlimani, nguvu zikakatika ghafla akiwa katikati ya kulipita. Bingwa alipoifungua hiyo turbo alikuta tundu la kizuizi limezibwa na punje ya gundi ya gasketi, gundi nyekundu aliyoipaka yeye mwenyewe kwenye nyuzi za nati ya mpira wa oili ili isivuje. Akakitupa kizuizi, akaweka beringi mpya, akanyamaza.

Ukoo wa marehemu nao ulikuwa umeshaamua kwamba mbio ndizo zilizomuua. Mama yake alilisema hilo palepale makaburini, tena kwa sauti. Mtoto wa marehemu akarudi shule na kukuta ameshapewa jina: Mwana wa Mbio. Mjane alibisha. Mume wake huyu, aliyechelewa hadi harusi yake mwenyewe, mbio angezitoa wapi? Lakini nani amsikilize.

Mdogo mtu alipolitoa gari gereji, moshi wa buluu ukaanza getini. Haukutawanyika. Ulifuata barabara, ukakata kona kwenye duka la dawa, ukaingia kwa mjane, ukavua viatu mlangoni na kukaa kwenye kiti cha marehemu.

"Umechelewa," mjane akasema. "Chai imeshapoa."

Akaenda kuipasha.

Ikawa hivyo kila jioni, mtaa mzima ukajua. Mtoto alifanya hesabu zake kando ya moshi, akikohoa kidogo. Mapazia yalishika mafuta, mjane akawa anafua mara kwa mara. Alikuwa na furaha. Moshi haukusema neno, ila siku moja ulifungua kiganja, ukamwachia punje nyekundu mezani.

Wiki hiyo hiyo mdogo mtu alichoka. "Bingwa, hili gari linakunywa oili kuliko petroli! Utanifilisi wewe." Bingwa akajikaza, akaweka kizuizi kipya. Geji ya oili ikatulia, ekzosi ikawa safi. Jioni ile kiti kikabaki kitupu.

Kesho yake mjane alifika gereji, punje ameifunga kwenye leso.

"Habari za kazi, fundi. Hii ni nini?"

"Nzuri, dada, karibu. Hiyo ni gundi ya gasketi."

"Inapakwa wapi?"

"Pengi. Wengine huipaka kwenye nyuzi za mpira wa oili. Haitakiwi. Ikibanduka inaziba tundu, turbo inakwama."

"Wengine kina nani?"

Bingwa akapangusa mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Fundi, sikuitii polisi," mjane alisema. "Njoo nyumbani umwambie mama mkwe neno moja tu. Mwambie haikuwa mbio. Mwanangu anasemwa huko shule kila siku."

Bingwa aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakapata moto. Pia aliona magari ya watu yaliyojaa uani, akawawazia wenyewe wakija kuyachukua mmoja mmoja habari ikienea.

"Naweza kukitoa kizuizi cha oili nilichoweka jana, moshi urudi," alisema. "Shemeji yako nitampoza, nitamwambia turbo hizi ndivyo zilivyo. Jioni utamwona mwenzio."

"Na mama mkwe?"

"Mwenzio atakuja jioni hii hii, dada."

Mjane alimchukia sana yule mtu. Na alimtaka mume wake.

"Haya," alisema. "Kitoe."

Jioni moshi ukafika. Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu, akausogezea kikombe.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Nilikwambia, sikukwambia? Mbio, mbio, mbio! Ona sasa, umemwacha mtoto wa watu mjane."

"Haikuwa mbio, mama," mjane alisema. "Ilikuwa gundi ya fundi."

"Fundi kasema?"

"Hajasema."

"Basi." Bibi akaugeukia moshi. "Na huyu mtoto anachekwa shule nzima kwa ajili yako."

Moshi ukainamisha kichwa. Mtoto aliutazama, akakusanya madaftari yake, akahamia upande wa pili wa meza.