Mtambo wa Mtu Mmoja

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Ewan Strang alikuwa mbishi tangu kuzaliwa, na mwezi wa Aprili mwaka ule aliazimia kuuonyesha ulimwengu kwamba kinavunja.

Kwa miaka ishirini na sita yeye na Wattie Cordiner walijaza wenyewe risasi zao za marisau, jikoni kwa Wattie, wiki ya mwisho kabla msimu wa bata mwitu haujafunguliwa. Zana walijitengenezea. Walikuwa na msumari uliosagwa ncha wa kusukumia nje fataki iliyokwisha kulipuka, na kijiti cha mti wa manuka cha kushindilia. Walikuwa pia na kichwa cha chuma chenye meno mawili, kilichofungwa kwenye mpini wa kinu cha kusagia nyama, cha kukunja mdomo wa ganda la karatasi ili marisau yasimwagike. Wattie alizungusha mpini, Ewan alishika ganda. Mwezi wa Februari Wattie alianguka akifunga lango la kondoo, moyo ukasimama, na Ewan akabaki na ganda mkononi bila mtu wa kuzungusha.

Basi akatengeneza mtambo wa mtu mmoja. Alichukua kanyagio la cherehani ya marehemu mama yake, akaliunganisha kwa waya wa seng'enge na kibanio cha mbao. Akikanyaga, kibanio kinashika ganda, na mkono wa kulia uko huru kwa mpini. Siku tatu alikuwa bandani, upepo wa kusini ukipenya kila ufa, akipiga tupa, akijaribu, akitukana. Siku ya nne ganda la kwanza lilitoka na mdomo wa mviringo, safi kuliko yote waliyowahi kukunja wakiwa wawili.

"Tazama hiyo!" alisema kwa sauti, akiliinua dirishani. Kisha akajiona mjinga. Bandani alikuwemo yeye na paka, na paka alikuwa amelala.

Siku ya tano akajaza risasi hamsini. Alipomaliza, palibaki juu ya meza kipande kimoja cha sufu.

Alikikodolea macho. Alikuwa amekata vipande hamsini kamili, vile vinavyokaa kati ya baruti na marisau. Kimoja kikibaki, maana yake iko risasi isiyo nacho. Na mtu aliyesahau sufu, nani ajuaye alitia nini mahali pake? Bunduki ikilishwa baruti mara mbili hupasuka, na uso wa mpigaji hauko mbali. Kwa sababu hiyo Wattie kila alipomimina alisema, "Baruti," na Ewan hakugusa sufu kabla hajajibu, "Nimeona." Watu waliwatania kwamba wanaendesha ibada. Watanie watakavyo, miaka ishirini na sita haikuharibika hata risasi moja. Safari hii Ewan alisema "Baruti" peke yake, hakujibiwa, na mahali fulani katikati ya ule ukimya akili yake ilipotea njia.

Angeweza kununua za dukani. Lakini alikwisha kujigamba dukani humo humo juu ya mtambo wake, na heri afe na haya yake. Kuzipasua zote hamsini kungeharibu maganda, na Jumamosi ya kufungua msimu ilikuwa keshokutwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuzipima uzito, na mizani ndogo ya kupimia vitu vyepesi ilikuwa ya Wattie, nyumbani kwa Wattie, na huko alikuwepo Netta, mjane wake. Ewan hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Hata siku ya mazishi hakuingia kanisani.

Netta alifungua mlango akiwa na kitambaa kichwani.

"Loo! Nilidhani na wewe tumekuzika."

"Habari za siku, shemeji."

"Siku? Sema miezi. Futa matope hayo kabla hujaingia."

Jikoni mlijaa masanduku. Vikombe vilikuwa vimefungwa magazetini, vyote isipokuwa viwili.

"Unahama?"

"Kesho. Binti yangu anakuja kunichukua, nakwenda kukaa kwake Timaru. Ungekuja mapema ungejua mapema."

Ewan alilishika sanduku lake la risasi kifuani. "Nilikuja kuazima mizani ya Wattie."

"Hukuja kuniona mimi."

"Na kukuona."

"Muongo wee. Haya, lete tuone umeharibu nini."

Wakapima. Netta aliweka moja moja, Ewan aliangalia mshale. Ya thelathini na nne ilizama kama iliyovutwa. Netta akachukua kisu cha viazi, akaipasua juu ya kisahani. Hapakuwa na sufu. Palikuwa na baruti ya risasi mbili.

Netta akakaa kitini. "Hii ingekupasua uso, Ewan."

"Naona."

"Na nani angekuokota?"

"Wawindaji wa vibanda vya jirani wangesikia."

"Siku ya ufunguzi wanasikia bunduki mia! Nani angejua kwamba yako ndiyo iliyolia vibaya?"

Ewan alitazama kisahani.

"Nilikuona garini siku ile," Netta akasema, sasa taratibu. "Nje ya kanisa."

"Miguu ilikataa, shemeji. Haki ya Mungu ilikataa."

"Najua. Nilitaka kuja kukugongea kioo, nikazingirwa na watu wakisema pole, pole, mpaka ukawa umeondoka." Akamimina chai katika vile vikombe viwili. "Nikwambie jambo? Wattie hakulenga bata hata mmoja miaka sita hii."

"Shabaha ilimtoka mzee. Nilimwambia kila mwaka, bata hawa sasa wanakuita mjomba."

"Shabaha haikumtoka. Alikuwa analenga mawingu. Tangu moyo ulipomshtua mara ya kwanza hakutaka tena kuua. Nikamwambia, basi lala kitandani, asubuhi ya baridi kama ile utaitafutia nini? Akasema, nikilala, Ewan atakaa kibandani na nani? Yule hana mtu."

Ewan aliweka kikombe chini. Miaka yote sita aliamini kwamba yeye ndiye anayemsindikiza mgonjwa. Alimbebea mzigo, alimshika mkono kwenye tope, na moyoni alijisifu kwa wema wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na majonzi ambayo hakuwa ameyalia bado.

"Na mimi nilikuwa namcheka," alisema.

"Alikuja kunisimulia ulivyomcheka, akicheka yeye mpaka chai inamtoka puani."

Netta alimwachia mizani. Walipeana mikono mlangoni kama watu waliokutana sokoni, kwa kuwa wote wawili hawakujua namna nyingine, naye Ijumaa akaenda zake Timaru.

Jumamosi Ewan alikwenda bwawani. Alikaa kwenye ubao ndani ya kibanda cha matete, upande wake ule ule wa kulia, akaacha nafasi ya Wattie kushoto. Kulipopambazuka bunduki zikaanza kulia kuzunguka bwawa lote, vibanda vikaitana, mbwa wakaruka majini. Bata wawili walishuka mbele yake, mabawa wazi, karibu kiasi cha kuonekana macho. Ewan akainua bunduki. Machozi yalikuwa yamemjaa, akafyatua hivyo hivyo, marisau yakanyesha majini na bata wakapaa wazima, wakipiga kelele.

Akageuka kushoto, kungoja kuchekwa.