Uso wa Mama Nyagalé

Assitan Coulibaly hakuwahi kuiogopa kamera. Kilichomkera ni watu wanaoiachia kamera iwaamulie. Basi asubuhi ile Mama Nyagalé Traoré alipoingia studio yake pale Ségou, uso mzima poda nyeupe utadhani kaangukia gunia la unga, Assitan alijua hapo hapo kuna mpiga picha mvivu kahusika.

"Nani kakufanya hivi, mama?"

"Si ndiyo dawa yake? Wanasema mimi mweusi tii, kamera hainioni. Nimezunguka mji mzima, ndiyo maana nimeishia kwa mla maharagwe."

Ukoo wa Traoré na ukoo wa Coulibaly ni watani, na hakuna Coulibaly anayemaliza siku bila kusimangwa maharagwe. Assitan akacheka. "Kaa, mama, unieleze."

Mwana wa Mama Nyagalé, Zoumana, aliyeko Ufaransa mwaka wa tisa sasa, alikuwa amepata binti na kumpa jina la mama yake. Alitaka picha ya kutundika juu ya kitanda, Nyagalé mdogo amjue Nyagalé mkubwa. Picha ya kwanza ilitoka meno na nguo tu. Ya pili, fundi mmoja aliing'arisha kwenye kompyuta mpaka mama wa watu akawa maji ya kunde. Zoumana akajibu kwa swali moja: "Mama, huyu ni nani?"

"Nimembeba mgongoni mimi," alisema Mama Nyagalé. "Leo ananiuliza huyu ni nani! Hii ya leo ikiharibika, sikai tena mbele ya kamera. Mjukuu na akue na ukuta mtupu."

Assitan aliumia, tena akapandwa na hasira. Akaleta maji na sabuni. "Nawa, mama. Uso wako hauna kosa lolote."

Kosa lilikuwa kwenye nguo. Mama alivaa gauni na mtandio vya bazini nyeupe, pamba yenye maua ya kufumwa, iliyotwangwa kwa magongo mpaka ikameta, na kamera ikiachiwa yenyewe huona weupe ule, ikadhani mwanga umezidi, ikaubana. Anayetiwa gizani ni mwenye nguo. Assitan akazima akili za kamera, akaupima mwanga shavuni kwa mama, akaufungulia. Uso ukatoka, lakini pichani bazini ikaungua kwa mwanga. Maua yake yote yakapotea.

Mama akatazama. "Na nguo? Zoumana ndiye aliyenitumia. Nataka aione."

"Uso na nguo, vyote viwili?"

"Vyote. Au maharagwe yamekuishia nguvu?"

"Thubutu!" alisema Assitan.

Akamkalisha karibu na dirisha, uso usawa wa mwanga, gauni likiwa chini ya ukingo wa dirisha, kivulini. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe mtandio."

"Bazini yangu? Wa nini?"

Assitan alikuwa keshatoka nao. Akauanika kwenye kamba ya nguo uani, juani, mkabala na dirisha. Weupe ule ule uliomfukia mama kwenye picha ya kwanza sasa ukamrudishia jua usoni. Shavu likaonekana, na midomo iliyochanjwa wino wa buluu tangu usichana, na kovu dogo juu ya nyusi. Kamera ikapiga kelele kwamba mwanga umezidi. Assitan hakuisikiliza.

Tatizo, mama alikaa kakauka kama yuko polisi.

"Hivi, mama," alisema Assitan, jicho kwenye kamera, "ni kweli babu yako Traoré alikamatwa shambani kwetu, maharagwe mpaka kwenye kofia?"

Mama Nyagalé akageuka, akamkata jicho lile la mama aliyemfumania mtoto kosani. Assitan akabofya.

Waliituma kwa simu palepale. Mama akaiweka simu mapajani, akaikodolea macho. Assitan alijifanya anafuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

Simu ikalia. Mama akabonyeza, na sauti ya mwanamume mzima, mwenye mtoto wake sasa, ikajaa studio:

"Mama! Nisamehe, mama. Nimekosa nini tena?"

Mama Nyagalé akacheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hapakuwa na poda ya kuharibika.