Dole la Thelathini na Mbili

Saa mbili kasorobo asubuhi karani wa masjala ya ardhi alifungua dirisha la kaunta, akapangusa vumbi, akakuta foleni imeshajipanga. Jumanne ilikuwa zamu ya wafu. Walikuwa wazee thelathini na mmoja, wamesimama kwa adabu zao, na askari wa mlangoni alikuwa ameshawakanya wasiegemee ukuta kwa kuwa ulipakwa rangi juzi.

Shida yao ilikuwa ileile. Walitaka kuonyeshwa mahali walipotia dole, siku walipolitoa bonde lao kwa kampuni ya Wazungu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutia dole. Kila mtu alikuja na gumba lake limeoshwa vizuri, tayari kulinganishwa.

Miaka sita karani alikuwa akiwapiga danadana. Jalada limepelekwa makao makuu, jalada linashonwa, njooni Jumanne. Nao humshukuru na kwenda zao.

Jalada lilikuwa kwenye droo yake, chini ya chupa ya chai, na alikuwa amelisoma hadi basi. Ndani yake mlikuwa na alama thelathini na moja za wino, zote za dole moja, lenye kovu la mshazari katikati. Lilikuwa dole la babu yake, mkalimani wa mkuu wa wilaya wa enzi zile. Wazee walikuwa wamekataa katakata, na bwana mkubwa alikuwa na haraka. Kwa kazi hiyo babu alipewa nyumba ya mabati na wanawe wakasomeshwa. Karani alizaliwa na kovu lile. Kwao kila mtu alikuwa nalo, na tangu utotoni walifundishwa kusalimia watu kwa ngumi.

Jumanne hiyo mkataba wa bonde ulikuwa unaisha. Siku hizi kampuni ilikuwa ya mheshimiwa mmoja, mzalendo, ila ua uliolizunguka bonde ulikuwa uleule. Bosi alileta fomu ya kuongeza miaka tisini na tisa. Ilidai sahihi moja tu, ya karani, kuthibitisha kwamba madole ya wenyewe yamekaguliwa na ni halali. Akiandika ukweli, bonde lingerudi kwa wajukuu wa wale wazee, na mji mzima ungejua nyumba ya babu yake ilipatikanaje. Aliona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado hakuuandika.

Mzee wa mbele aliinama dirishani. "Mjukuu wangu, leo limeonekana?"

"Bado, babu. Tunalitafuta."

"Basi usijitese sana. Tunaona unavyohangaika."

Maneno hayo yalimkata maini. Akashika kalamu, ikagoma. Akapewa ya bosi, nayo ikagoma. Gumba lake, ambalo halikugusa wino wowote, lilikuwa limelowa weusi hadi kwenye kiungo. Bosi akasema si neno, hata dole linakubalika.

Feni ilikuwa inaipeperusha fomu. Mzee akapitisha mkono dirishani, akaishika ncha yake isiteleze, na karani akakandamiza dole.

Mzee aliitazama ile alama kwa makini.

"Limetoka vizuri," alisema. "Na yetu yalitiwa hivihivi?"

"Hivyohivyo, babu."

Akaiachia karatasi, akamshukuru. Wakatoka mmoja mmoja, na askari akawakumbusha Jumanne ijayo wawahi.