Mayai ya Bibi Pasing

Bibi Pasing alipelekwa hospitali asubuhi ya dhoruba, akaniachia mayai. Majirani wote wanaofuga bata ukingoni mwa ziwa humletea yeye mayai yao ayaatamishe. "Yakifa haya, Nitang, hakuna atakayetuletea tena," aliniambia akipandishwa garini.

Kwetu tunakaanga mpunga kwenye karai, tunautia katika mifuko ya kitambaa, kisha tunaipanga mifuko na mayai tabaka kwa tabaka ndani ya matenga marefu yaliyozungushiwa pumba. Kipimajoto hatuna. Unafumba jicho, unaweka yai kwenye kope usikie joto lake.

Nilikuwa uani nikifunga mabati yasing'olewe na upepo. Niliporudi nilimkuta Mjomba Gorio, mtoto wa Bibi, akitokwa jasho mbele ya karai.

"Yalikuwa baridi kama maiti! Nimeyatilia mifuko maradufu."

Niliweka yai kwenye kope. Bado baridi.

"Si unaona? Kaanga mpunga mwingine."

Mimi si wa kubishana na wakubwa. Hata dukani naomba chumvi kwa kunong'ona. Nikasali Salamu Maria kumi, taratibu, kama Bibi afanyavyo kupima muda, kisha nikaliweka yai lile lile kwenye kope tena. Baridi, lakini si baridi ile ya kwanza. Lilikuwa linapanda mbio. Nikashika mfuko, ukanichoma. Joto lote lile lilikuwa bado njiani.

Nikaanza kutoa mifuko.

"We mtoto, umerukwa na akili? Yana baridi, unayanyang'anya moto?"

"Yanapanda, Mjomba."

"Yanapanda wapi? Nimeyagusa mwenyewe!"

"Umegusa mara moja."

Akanikamata mkono. "Yakifa, utamwambia mama yangu wewe."

"Nitamwambia."

Akaniachia. Nilibakisha mfuko mmoja kila tabaka, tukakaa tukisikiliza mvua. Mayai yakafikia joto la mwili, yakalipita. Yakapita tena kidogo. Nilivua magunia yaliyofunika matenga ili joto litoke. Kama nilichelewa kutoa ile mifuko, basi tayari tulikuwa tumeyapika.

Kisha yakaanza kushuka.

"Yanapoa! Rudisha!" Alishakumbatia mifuko miwili.

"Iweke chini, Mjomba. Tukiitia sasa tutayaunguza, tukiitoa tutayagandisha. Tutakimbizana nayo hivyo hivyo mpaka yafe."

"Kwa hiyo tunakaa tu, kama tuko matangani?"

"Tunagusa. Tunasali. Tunagusa tena."

Alisonya, akachukua yai, akaliweka kwenye jicho lake. Midomo ikaanza Salamu Maria, akazikimbiza kama anayefukuzwa na mbwa.

"Polepole. Bibi angekutoa nje."

Akaanza upya. Alipomaliza, akaliweka tena, akakunja uso.

"Linashuka. Lakini... kidogo kidogo tu."

"Basi tutie mfuko mmoja."

Tulitia mmoja kila tenga, nikafunika magunia. Tulipogusa tena, yai halikuwa na habari: halikupanda, halikushuka. Nikawasha tochi ndani ya boksi lililotobolewa, nikaliweka yai kwenye tundu ili mwanga ulipenye. Mishipa myekundu ilionekana. Hakuna kilichosogea. Ndipo kitu cheusi katikati kikajitikisa.

"Kifaranga mmoja yu hai," Mjomba akasema, akanyoosha mkono apewe yai lingine.