Ngoma Iliyofungwa Kitambaa

Octave Rochon hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mke, hakuwa na sahani hata moja ya santuri yenye jina lake. Na alipoipeleka bendi yake Denmark, hakuwa na mpiga ngoma. Sosthène, aliyekuwa akiwapigia, walikuwa wamemzika asubuhi ya safari.

Ndiyo maana barua ya Holger, Mdenishi aliyewarekodi ukumbini huko, ilimtia baridi. Santuri ilikuwa tayari kutoka. Limebaki jina la mpiga ngoma tu, aliandika Holger, tuliweke kwenye jalada.

Octave akaichukua kanda iliyokuja na barua, akaenda kwa Eulalie, mjane wa Sosthène. Ilikuwa Jumatatu, na kama kila Jumatatu maharage mekundu yalitokota jikoni. Kanda ikazunguka. Tarumbeta ya Octave ikapanda, makofi yakafuata, na chini ya yote, ngoma: nzito, bubu, kama mtu anayebisha mlangoni kwa mkono uliovaa soksi.

"Mlimkodi nani?" Eulalie aliuliza.

"Hatukumkodi mtu, shemeji."

"Najua. Huyo anachelewa kidogo kila mara, kama alivyochelewa kanisani siku ya harusi yetu." Akapunguza moto. "Ila mbona anapiga ngoma iliyofungwa kitambaa?"

Kwetu New Orleans ngoma hufungwa kitambaa wakati wa kwenda makaburini. Maiti akishafukiwa, kitambaa hufunguliwa, bendi hurudi na wimbo wa kuchezeka, na marehemu huachiwa aende zake. Siku ya kumzika Sosthène ndege ilikuwa ikisubiri. Walitoka makaburini kimyakimya, wakapanda teksi.

"Mlimwacha katikati ya njia," Eulalie alisema, "wewe na ndege yako. Angekwenda wapi? Akawafuata."

"Nikimfungulia, kanda itabaki na nini?"

"Na nyinyi. Mnaogopa kusikika?"

Ngoma ya Sosthène ilikuwa kabatini, kitambaa kingali kimefungwa. Octave alilishika lile fundo kwa muda mrefu. Maishani mwake hakuwahi kupuliza vizuri kama kwenye kanda ile.

Kisha akalifungua. Wakaenda makaburini, Eulalie akiipiga ngoma vibaya mno, yeye akipuliza wimbo wa kuchezeka, mpaka wapita njia wakajiunga, wakicheza na miavuli yao juu.

Waliporudi wakasikiliza tena. Tarumbeta ilipanda peke yake, ikayumba, makofi yakafuata. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Kaa ule," Eulalie alisema.

Octave alimwandikia Holger kwanza: *Mpiga ngoma, Sosthène Barabin.* Akailamba bahasha, akaifunga, akatoka, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta la pembeni mwa barabara, akasimama kusikiliza.

Mlio wa bahasha kugusa chini mle ndani ulichelewa kidogo.