Kalipa ya Kushoto

Mtu akikuambia mguu wako ndio uliokosea, siku ya kwanza utambishia. Siku ya pili utautazama. Siku ya tatu, kama anayekuambia ni mdogo wako wa tumbo moja, na tena ni fundi wa magari, utaanza kuuogopa.

Ndivyo ilivyomkuta mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha gari la kubebea watoto wa shule. Mtaa mzima ulimwita Dereva, na ulimwita hivyo kwa heshima, maana hakuwahi kuchelewa wala kumsahau mtoto mlangoni kwao. Gari lilikuwa lake mwenyewe, kuukuu lakini safi. Asubuhi moja, shule zilipofunguliwa, alikuwa akishuka mteremko wa sokoni watoto wamejaa hadi siti ya mbele. Akakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Mbele watu walikuwa wanavuka njia. Akaona heri ukuta, akalipeleka gari ukutani. Watoto walitoka na vilio na michubuko, isipokuwa binti mmoja wa darasa la kwanza aliyevunjika mkono.

Kikaitwa kikao shuleni. Dereva alisema alichokijua, kwamba alikanyaga na pedali ikazama. Ndipo mdogo wake, Fundi, aliposimama.

"Breki hizi nilizifungua mimi nikazifunga mimi, siku moja kabla," alisema. "Na baada ya ajali nimezikagua. Nzima kabisa. Mafuta yaliyomwagika ni kwa sababu ya kugonga. Dada yangu alibabaika tu, akakanyaga pedali siyo. Hutokea hata kwa madereva wazuri. Nawaomba mumsamehe."

Machozi yalimlenga alipokuwa akisema. Wazazi wakaguna kwa huruma, wakamsifu kijana anayempenda dada yake kiasi hicho. Dereva naye akalia, na walipotoka nje akamshukuru. Naam, alimshukuru! Alimshika mikono miwili akamwambia, "Ahsante, mdogo wangu, umenisitiri."

Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Watoto, ambao hawana simile, wakambatiza jina la Mama Ukuta. Mama wa yule binti, aliyeishi nyumba ya kuvuka barabara tu, alipokutana naye dukani alikuwa akigeuza uso kama anayetafuta kitu kwenye rafu. Na Dereva mwenyewe akaacha kuuamini mguu wake wa kulia. Akishuka ngazi alitanguliza wa kushoto. Akibeba sufuria ya maji ya moto alisimama kwanza, akauuliza mguu kimoyomoyo kama uko tayari. Kila jioni mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alimketisha kwenye mkeka, akamkanda ule mguu kwa mafuta ya uvuguvugu kuanzia goti hadi kidole gumba.

"Utapona tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Mishipa ni kitu cha subira."

Gari lilikaa uani limefunikwa turubai. Fundi kila alipokuja alilipiga teke la gurudumu na kusema liuzwe chuma chakavu, tena mnunuzi anamjua. Dereva alikuwa akiitikia tu, hauzi wala hakatai.

Kisha mwalimu mkuu akatuma ujumbe. Dereva mpya ameacha kazi. Kama gari ni zima, na kama mwenyewe anajiamini, aje wazungumze. Dereva aliusoma ujumbe ule amesimama, akaketi, akausoma tena. Gari kuwa zima ni jambo la spana. Hilo la kujiamini ndilo lililomkosesha raha. Hata hivyo akavua turubai, akawasha gari, likawaka. Akaweka gia, likatetemeka bila kusogea. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshikwa. Kalipa, yale makono ya chuma yanayobana diski ya breki, zilikuwa zimeganda kwa kutu.

Akampigia Fundi simu.

"Dada, si nilikuambia tuuze?" alisema Fundi. "Mimi nimebanwa wiki nzima. Hebu nisikilize. Fungua ya kulia peke yake. Sukuma pistoni nje, safisha, badilisha mpira, rudisha. Unaweza, umeniona nikifanya mara ngapi? Ya kushoto usiiguse. Ile niliipatia. Igonge tu na nyundo kidogo itaachia."

"Ya kulia peke yake?"

"Ya kulia peke yake."

Dereva alikata simu akabaki akiitazama. Unajua, Fundi alijifunzia kazi kwenye gari hilihili, katika ua huuhuu. Dada yake ndiye aliyekuwa akimpokeza spana, akimshikia taa, akimsikiliza anavyojigamba kwa yale aliyofundishwa. Na jambo alilojigamba nalo kuliko yote lilikuwa hili: breki hazifanywi upande mmoja. Ukigusa kulia unagusa kushoto, la sivyo gari litavuta upande na kukutupa mtaroni. Aliwahi kumfukuza mteja gereji kwa sababu alitaka afanyiwe upande mmoja. Leo mtu huyohuyo anasema ya kulia peke yake. Dereva akajiambia labda ni uchovu. Alikuwa hodari wa kuwatafutia watu udhuru, hasa huyu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni.

Akaenda dukani akanunua mipira ya pande zote mbili.

Akapiga jeki, akaweka mawe chini ya gari kwa usalama, akatoa magurudumu. Akaanza na ya kulia kama alivyoelekezwa. Akaifungua, akaziba mrija kwa kizibo ili mafuta ya breki yasimwagike, akaileta kwenye meza ya kufulia. Mama akalalamika kwamba meza ile ni ya nguo, si ya takataka za gari. Dereva akamwambia nguo zitasubiri, hazijawahi kugonga ukuta. Mama hakucheka.

Alipiga brashi ya waya hadi kutu ikaanguka kama unga. Akaweka kipande cha mbao na kitambaa mbele ya pistoni, akachomeka pampu ya baiskeli kwenye tundu la mafuta, akapampu. Pistoni ikagoma, ikagoma, kisha ikaruka ikagota kwenye mbao kwa kishindo kilichomfanya Mama aite jina la Mungu. Ndani, kwenye mfereji wake, ulikaa mpira wa duara, mweusi, wenye kingo nne zilizonyooka. Akaung'oa kwa kijiti cha meno ili asikwaruze chuma. Umechoka kidogo kwa kukaa, lakini ni mpira halali wa dukani. Akaosha kila kitu kwa spiriti, akalowesha mpira mpya kwa mafuta ya breki, akaupachika, akairudisha pistoni kwa vidole gumba viwili, polepole, ikaingia bila kupinda. Akatabasamu peke yake. Tangu muhula ule wa ajali alikuwa hajafanya kitu kikatoka sawa.

Akaenda kushoto.

Kalipa ya kushoto ilikuwa imeganda kwa nje tu; pistoni yake haikugoma hata kidogo. Alipampu mara moja tu, ikatoka mzimamzima na maji meusi yanayonuka gundi. Akachungulia ndani. Kwenye mfereji hapakuwa na mpira wa duara. Palikuwa na ukanda mwembamba wa tyubu, tyubu hii ya gurudumu, uliokatwa kwa wembe kwa mkono usiotulia: hapa mpana, pale mwembamba. Ncha zake mbili ziliwahi kuunganishwa kwa gundi ya kuzibia pancha. Mafuta ya breki yalikuwa yameila gundi yote, na ncha zikaachana. Palipoachana palitosha kupitisha njiti ya kiberiti.

Dereva alikaa chini, palepale kwenye sementi. Hakuhitaji kuelezwa. Pale ndipo mafuta yalipotokea siku ile. Pale ndipo pedali ilipozamia. Na huyu aliyesema ameikagua akaikuta nzima ndiye aliyeukata ule ukanda.

Kitu cha kwanza alichofanya, na hili ndilo linalonitia uchungu mimi ninayesimulia, aliutazama mguu wake wa kulia, akaupapasa kama mtu anavyompapasa mtoto aliyemchapa kwa kosa la mwingine.

Fundi alikuja mwenyewe alasiri. Labda sauti ya dada yake kwenye simu haikumpa amani. Aliingia uani akiita "Hodi, wenyewe!" kwa uchangamfu, akaona magurudumu yote mawili ya mbele yako chini, na uchangamfu ukamwishia mdomoni.

"Nilikuambia ya kushoto usifungue," akasema.

"Uliniambia." Dereva aliuweka ule ukanda mezani. "Hii ni nini?"

"Dada..."

"Nakuuliza kama mteja. Hii ni nini?"

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kuzungukazunguka, mara duka lilikuwa na mpira mmoja tu, mara dada ndiye aliyemharakisha kwa sababu shule zinafunguliwa kesho, mara alikusudia kuirudia baada ya siku mbili.

"Nilikuharakisha," Dereva alisema. "Ungeniambia gari halijawa tayari, ningewaambia wazazi halijawa tayari. Ningetukanwa asubuhi moja, basi. Ila ulisimama mbele ya watu ukasema nimekanyaga pedali siyo. Ukalia na machozi juu!"

"Machozi yalikuwa ya kweli."

"Ya kujililia mwenyewe!"

"Nilitaka kusema, Dada. Wallahi siku ileile nilitaka kusema." Fundi alishika kichwa. "Muulize Mama."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo, na alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu mama wa nyumba ile alisikia kila kitu siku zote. Dereva aligeuka polepole. Alitaka Mama ashangae. Aliomba, kwa kweli aliomba moyoni, Mama aseme, "Mimi? Niulizwe nini mimi?"

Mama aliweka beseni chini.

"Alikuja usiku ule akanieleza," alisema. "Nikamwambia anyamaze. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto wa watu amevunjika mkono, mwanangu. Wangemfunga. Wewe wangekuachisha kazi tu, na kazi hutafutwa nyingine. Nilipima nikaona hivyo."

"Ulinipima."

"Niliwapima wote wawili. Mchuma janga hula na wa kwao."

"Mbona nililila peke yangu?" Dereva aliuliza. "Na mguu, Mama? Jioni zote zile unanikanda mguu, ulikuwa unakanda nini?"

Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuwa na njia nyingine ya kumwomba radhi.

Dereva aliyasikia hayo na hayakumwingia. Kusalitiwa na ndugu kuna maumivu yake; unaweza kumtukana, ukamrushia spana. Lakini Mama alikuwa amemshika mguu kwa mikono yake, mguu mzima usio na kosa, akamwambia utapona. Dereva aliwatazama wawili hao, mmoja kwenye ndoo na mwingine mlangoni, akaona kwamba muda wote ule katika nyumba ile kulikuwa na familia ya watu wawili, na yeye alikuwa mpangaji.

Akarudi kazini. Ndiyo, alirudi kazini, maana mikono ilitaka kitu cha kufanya. Akaisafisha ya kushoto, akapachika mpira halali, akarudisha pistoni. Fundi alipoinuka kumsaidia, akamwambia asiguse. Akazifunga kalipa zote mbili mahali pake, akajaza mafuta mapya. Ikabaki kutoa hewa kwenye mirija, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue na kufunga niple, kile kiparafujo cha kutolea hewa, kule gurudumuni.

"Nikusaidie nini, mwanangu?" Mama aliuliza. Alikuwa hajaondoka pale.

"Panda ukanyage breki. Nikikuambia."

Mama, ambaye hakuwahi kuketi nyuma ya usukani, alikusanya kanga yake akapanda. Dereva akainama gurudumuni.

"Kanyaga."

Mama akakanyaga. Mirija ilikuwa imejaa hewa tupu, na mguu wake ukaenda chini moja kwa moja bila kukuta kitu. Akapiga ukelele, akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa juu ya mawe.

"Umezama! Mwanangu, umezama wote! Sijakosea, nimekanyaga hiihii uliyonionyesha!"

"Najua hujakosea," Dereva alisema. "Achia. Kanyaga tena."

Wakaendelea, kanyaga, shikilia, achia, mapovu yakitoka kwenye niple hadi yakaisha na mafuta yakaja safi. Mama alikuwa akilia, lakini alikanyaga kila alipoambiwa. Mwishowe pedali ikasimama ngumu juu. Dereva akarudisha magurudumu, akashusha jeki, akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Kisha akauokota ule ukanda wa tyubu mezani, akaufunga kwenye kipande cha gazeti.

"Unaupeleka wapi?" Fundi aliuliza.

"Ng'ambo, kwa mama yake yule binti. Nikitoka hapo, kwa mwalimu mkuu."

Fundi aliinamia mikono yake. Mama ndiye aliyelia kwa sauti, angali ameshika usukani.

"Utammaliza mdogo wako! Usifanye hivyo, mwanangu. Huyo ni damu yako."

"Na mimi, Mama, ni damu ya nani?"

Mama aliinamia usukani. Dereva akafungua mlango wa gari upande wa usukani.

"Teremka, Mama," akamwambia. "Hicho ni kiti changu."

Mama akateremka.