Ndege Yenye Gurudumu Mkiani

Simu ililia wakati mjukuu ametoka kununua waya wa kurefushia umeme. Bibi alikuwa mezani akichambua mchele. Akajifuta vidole, akaipokea.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa urubani," ilisema sauti, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Nina haraka, nawahi kuruka. Mwambie binti, kwa mazoezi ya nyumbani achague ndege ndogo yenye mabawa juu, injini moja, na gurudumu la mbele chini ya pua. Hiyo ni mpole, inasamehe makosa. Ile ya njano yenye gurudumu mkiani asiiguse kwanza. Ukiteleza kidogo tu inajizungusha. Itamvunja moyo bure."

"Marahaba, baba. Nimesikia," Bibi akasema, na kweli alikuwa amesikia vizuri sana.

Mjukuu aliitwa Kipanga tangu utotoni, kwa sababu hakuna kitu kirefu alichokiona akakiacha bila kukipanda. Bibi ndiye aliyemlea, tangu akibebwa mgongoni. Sasa alikuwa amekubaliwa kwenda kujaribiwa kwenye chuo cha urubani, mbali, kule wanakolala hukohuko. Mwisho wa juma alitakiwa kuthibitisha kama atakwenda. Kwa maandalizi, rafiki yake alimwazima usukani wa ndege wa kuchezea kwenye kompyuta, pamoja na pedali za miguu. Usukani ulibanwa ukingoni mwa meza ya kulia chakula. Pedali zilikuwa zinateleza kwenye sakafu, mpaka Bibi akazitandikia gunia lililolowanishwa kidogo.

Kipanga aliporudi, alichomeka waya, akafungua kompyuta. Kwenye kioo ndege zikajipanga: nyeupe, za bluu, zenye injini mbili, na ile ya njano, imeinua pua kama mtu mwenye maringo.

"Mwalimu amepiga," Bibi akasema.

"Kasemaje? Nianze na ipi?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza wenyewe. Bibi alinyoosha kidole kwenye kioo. "Hiyo ya njano."

"Hii ya kizamani? Una uhakika, Bibi?"

"Mjumbe hauawi, mke mwenzangu. Mimi nimetumwa tu."

Kipanga akacheka, akabonyeza.

Kupaa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kutua. Ndege iligusa ardhi, ikakimbia vizuri kidogo, halafu mkia ukataka kutangulia mbele. Kipanga akikanyaga pedali ya kulia, inakwenda kulia kupita kiasi. Akikanyaga ya kushoto, amechelewa. Ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, bawa likapiga chini, kioo kikasimama.

"Mwanzo mgumu," Bibi akasema, akaenda kumchemshia chai.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Bibi alikuwa akipita na ufagio, anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, ili aone. Kila bawa lilipopiga chini, kitu kilimpiga naye kifuani. Mara mbili alifungua mdomo aseme, mara mbili akauliza kama sukari ya chai inatosha. Usiku roho ilimsuta, lakini asubuhi alijiambia kuwa mtoto akikata tamaa mwenyewe hakuna aliyemlazimisha. Wangapi wanafanya kazi ardhini na wanakula?

Kipanga alianza kunyamaza. Zamani akianguka alikuwa anatukana ndege, "Mzee wewe, mkaidi wewe!" na Bibi anacheka jikoni. Sasa alikuwa anaanguka kimya, anaanza upya, anaanguka. Chai ilipoa ikafunga utando.

Alhamisi jioni Bibi alimkuta anafungua skrubu za usukani.

"Unautengeneza?"

"Naurudisha kwa mwenyewe." Hakuinua uso. "Kama ndege ya kufundishia inanishinda, ya kweli nitaifanya nini? Nitakwenda kuua watu. Nampigia mwalimu nimwambie nafasi ampe mwingine."

Akachukua simu, akaiweka kwa sauti kubwa, akaendelea kukunja waya. Simu ikaanza kuita. Bibi alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Hiki ndicho alichokitaka, kilikuwa kimekuja chenyewe hadi mezani. Akatazama shingo ya mjukuu wake, imeinama kama ya mtu aliyekosewa na dunia nzima.

"Kata simu," akasema.

"Bibi, niache."

"Kata! Nilikudanganya. Mwalimu alisema uchukue yenye mabawa juu. Ya njano alisema usiiguse."

Kipanga akakata. Akauweka waya mezani.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Kwa hiyo siku zote hizi unaniletea chai, unapita na ufagio, na unajua?"

"Najua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kipanga akasema polepole. "Kwa nini?"

"Niliogopa utaanguka."

"Kwenye kompyuta?" Hakucheka. "Sema kweli, Bibi."

Bibi alivuta kiti, akakaa. "Niliogopa hii nyumba. Wewe ukiondoka, nitapika chungu kizima nimlishe nani? Ndiyo kweli yenyewe. Ni mbaya, lakini ndiyo hiyo."

 Kipanga alirudisha skrubu moja moja, akakaza usukani, akachagua ndege nyeupe yenye mabawa juu. Ikapaa, ikazunguka, ikarudi. Ilipogusa ardhi iliruka kidogo, ikatulia, ikaenda moja kwa moja mpaka ikasimama katikati ya mstari. Bibi alijikuta amepiga makofi. Kipanga hakugeuka.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu.

"Ulinitafuta?"

"Ndiyo, mwalimu. Nakuja." Akasita. "Nilikuwa nafanya mazoezi kwa ile ya njano. Ujumbe ulifika vibaya."

"Loo! Pole. Lakini si hasara. Hiyo inaipa miguu akili."

Moyo wa Bibi uliruka kuyadaka maneno hayo. Kumbe hata faida ilikuwepo! Kipanga akageuka, akamtazama mara moja tu, na Bibi akayaacha yapite.

"Na bibi yako?" mwalimu akaendelea. "Ulisema utakuja naye aione ndege."

"Nitakuja na shangazi."

Simu ilipokatwa, Bibi aliuliza, "Shati jeupe nikupigie pasi?"

"Nitapiga mwenyewe."

"Haya." Bibi alishika mgongo wa kiti ainuke. "Niondoke, nikupishe?"

Kipanga alikuwa ameshairudisha ndege nyeupe mwanzo wa njia, injini inanguruma kwenye spika ndogo. 

"Kaa," akasema. "Lakini usiniambie kitu. Hata neno moja."

Bibi akakaa. Ndege ikapaa. Ilipokuwa inarudi, pua imezidi kushuka, hata yeye aliiona, na maneno yakamjaa mdomoni. Akayameza. Kipanga akavuta usukani mwenyewe.